KUPIKA, KUGEMA NA KUPIMA: Historia ya Kileo cha Nyumbani katika Msamiati wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza vitenzi vitatu vya Kiswahili, yaani kupika, kugema na kupima, na kuonyesha jinsi vinavyohifadhi historia ya kileo cha nyumbani katika Afrika ya Mashariki, hasa nchini Kenya. Wachunguzi wa lugha hii wamelitazama kwa makini neno la dini, la biashara na la bahari. Neno la jikoni limepewa nafasi ndogo, na neno la kileo limepewa ndogo zaidi. Sababu moja, bila shaka, ni staha: lugha iliyolelewa katika miji ya Waislamu haikutarajiwa kujivunia mambo ya ulevi. Hata hivyo mwandishi wa kamusi si mhubiri. Kazi yake ni kupokea maneno jinsi yalivyo vinywani mwa watu, akayapambanua. Na pale asipoyapambanua, watu wengine humpambanulia kwa namna yao wenyewe, kama tutakavyoona.

Hoja yetu yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kiswahili cha zamani kilikitofautisha kileo kwa namna kinavyopatikana. Sheria ya kikoloni ikaja kukitofautisha kwa rangi ya anayekinywa. Lugha ya magazeti ya leo, inapotumia kirai pombe haramu, mara nyingi haitofautishi kitu chochote. Na kutotofautisha huko si kosa la mtindo tu, kwani kumegharimu maisha ya watu.

Tuanze na tembo, kwa kuwa ndilo neno la pwani. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, inalo, na kamusi ya Johnson ya 1939 inalo vilevile. Mwanafunzi wa sarufi hukutana nalo mapema kwa sababu humtatiza: tembo mnyama huchukua upatanisho wa viumbe vyenye uhai, tembo huyu na tembo hawa, tembo kinywaji huchukua upatanisho wa LI-, tembo hili. Ushahidi ulio wazi tunao katika methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi -li- katika hulitia kinamrudishia msikilizaji yule tembo aliyetangulizwa, na hapana njia ya kumfikiria ndovu. Methali, kwa hiyo, imehifadhi sarufi ambayo wasemaji wengi wa bara, wasiolitumia neno hili kwa maana ya kinywaji, wangeweza kuisahau.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na wengine mara tatu kwa siku, akiwa amechukua kotama, kile kisu kifupi, kipana, kilichopinda. Hulifunga karara, yaani ganda linaloufunika mkungu wa maua ya mnazi, lisipate kupasuka. Kisha hukata kipande chembamba nchani kila apandapo, na maji matamu yakadondoka ndani ya kibuyu. Hapa hapana moto, hapana unga, hapana kusubiri. Chachu imo hewani na imo katika kibuyu chenyewe, na kazi huanza kabla mgema hajashuka. Maji yaliyogemwa alfajiri ni tembo tamu. Jioni yamekwisha kuwa tembo kali. Yakikaa siku chache zaidi yanakuwa siki. Kugema, basi, ni kazi ya kukata, kupanda na kuwahi. Udanganyifu uliowezekana katika kazi hiyo ulikuwa mmoja tu, nao ni kuongeza maji. Ndiyo maana methali inamshtaki mgema kwa maji, wala haimshtaki kwa sumu.

Siku hizi katika Mombasa na Kilifi mnywaji huomba mnazi, jina la mti likiwa limekaa mahali pa kinywaji chake, na tembo limebaki zaidi katika methali na vitabuni. Miongoni mwa Wamijikenda neno lao wenyewe ni uchi. (Mgeni wa bara alisikiapo Kaloleni asishtuke, halihusiani na uchi wa Kiswahili sanifu.) Neno hili lina mengi ya kutufunza. Nyuki kwa Kigiriama ni nyuchi. Kwa Kikamba nyuki ni nzuki, na pombe ni uki. Kwa Kishona uchi ni asali yenyewe. Katika Tanzania pombe ya asali huitwa wanzuki. Mzizi ni mmoja, ule unaotupatia nyuki wa Kiswahili, nao umetoka kwa mdudu ukaenda kwa asali, ukatoka kwa asali ukaenda kwa kileo cha asali, na huko pwani ukaendelea mpaka kileo cha mnazi ambacho hakina asali hata tone. Kwa maoni yetu huu ni ushahidi mzuri kwamba wasemaji wa lugha hizo walikijua kileo cha asali kabla ya kuzoea kugema minazi. Walipofika penye minazi hawakuhitaji neno jipya, walihamisha lile walilokuwa nalo.

Kileo hicho cha asali bado kipo, na kwa Wakikuyu huitwa muratina. Jina ni la mti ambao Waswahili huuita mwegea au mvungunya, wenye matunda marefu yaning'iniayo kama soseji. Tunda lenyewe haliliwi. Huchemshwa, likaanikwa juani, likatiwa katika asali iliyochanganywa na maji. Nyuzinyuzi zake hushika chachu, na kileo kikiisha kuiva tunda huondolewa, likakaushwa, likawekwa kwa matumizi ya mara nyingine. Mwenye tunda zuri, kwa hiyo, ana mbegu ya kileo chake, na hutunzwa kwa miaka. Kiswahili hakina neno moja la kitu hicho. Chachu hutaja kile kichachushacho, lakini tunda la muratina ni chombo na chachu kwa pamoja, na tungekuwa wakarimu kulipokea neno la Kikikuyu kama lilivyo.

Katika jamii hizi kileo kilikuwa na wenyewe. David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 juu ya Wagiriama wa Kaloleni, ameonyesha jinsi tembo lilivyoambatana na ushahidi wa wazee katika mambo ya minazi na mashamba, na jinsi wafanyabiashara wachanga walivyowahitaji mashahidi hao ili umiliki wao upate kukubaliwa. Jomo Kenyatta, alipowaeleza Wakikuyu katika kitabu cha 1938, aliipa pombe nafasi yake katika hatua za uposaji. Na Justin Willis, ambaye historia yake ya kileo katika Afrika ya Mashariki ilitoka 2002, anakichukua kileo kuwa jambo la mamlaka: wazee ndio waliodai haki ya kunywa, na vijana na wanawake wakaipinga haki hiyo kwa njia nyingi. Lakini aliyeipika pombe hiyo ya wazee alikuwa mwanamke.

Hapo ndipo tunapofikia kitenzi cha pili. Pombe ni neno la zamani. Mdominiko wa Kireno, João dos Santos, aliyeishi upande wa Sofala kuanzia 1586 na kuchapisha kitabu chake Évora mwaka 1609, alilisikia huko likiwa jina la kileo cha nafaka. Burton alipoandika mwaka 1860 juu ya safari yake ya maziwa makuu alilitumia tena na tena, hasa alipoieleza nchi ya Unyamwezi. Lililo la ajabu ni kwamba halimo katika ukoo mkubwa wa maneno ya pombe katika lugha za Kibantu. Waluhya wanasema amalwa, Wagusii amarwa, Wabemba ubwalwa, Watswana bojalwa, Wazulu utshwala. Na wanaisimu historia wameyarejesha maneno hayo kwenye mzizi mmoja wa kale. Kiswahili hakikuubakisha mzizi huo. Kimebakiza pombe, na pembeni yake kimebakiza ugimbi, ambalo kamusi zetu hulieleza kuwa ni pombe. Wahehe nao pombe yao ni ugimbi. Ukivuka mpaka ukafika kwa Wakikuyu, ugimbi si kinywaji tena: ni ile nafaka ndogo nyekundu ambayo Waswahili wa Kenya huiita wimbi na wenzao wa Tanzania huiita ulezi. Wimbi lenyewe yaelekea ni neno hilohilo lililopoteza sauti ya katikati. Nafaka na kinywaji vimeshirikiana jina kwa sababu kwa watu hao havikuwa mbali: wimbi lilikuwa uji asubuhi na pombe siku ya karamu.

Mswahili husema amepika pombe. Husema vilevile amepika ugali, amepika uji. Hatumii kitenzi kile anachokitumia kwa jembe au jahazi. Tumewahi kuwasikia wenzetu wakidai kwamba kupika hapa ni sitiari. Sivyo. Yeyote aliyeitazama kazi ya busaa huko magharibi mwa Kenya atakiri kwamba ni mapishi, na mapishi magumu.

Wimbi hulowekwa mpaka likaanza kupasuka, likafunikwa mahali penye joto kwa siku kadhaa likamea, kisha likaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea, nomino iliyoundwa waziwazi kutokana na kitenzi kumea. Wakati huo unga wa mahindi umekwisha kukandwa na maji na kuachwa siku chache uchachuke. Donge hilo chachu hukaangwa juu ya bati au karai kubwa, likigeuzwageuzwa mpaka liwe na rangi ya kahawia na harufu ya mkate. Hapo hutiwa katika maji pamoja na kimea, likaachwa siku mbili hata nne kwa kadiri ya joto la nyumba, kisha likachujwa. Machicha hupewa kuku. Wazee hunywa ikiwa vuguvugu, wameizunguka chungu moja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Kila hatua ina sababu, na mpishi anaijua sababu hiyo ingawa haitamki kwa maneno ya maabara. Nafaka inapomea hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari chachu haina la kula. Uchachu wa donge hufukuza vijidudu viharibuvyo. Kukaanga huuivisha wanga na huipa pombe rangi yake. Kiasi cha kileo katika busaa hakizidi sana kile cha bia ya chupa, yapata asilimia 4, na haikai: baada ya siku chache imekuwa kali mno kwa uchachu, haipendezi tena. Kwa sababu hiyo ilipikwa kidogo kidogo, kwa shughuli maalumu, ikanywewa ikaisha. Mpishi huonja. Ulimi ndio kipimo chake, na jina lake katika kijiji hutegemea ulimi huo. Wachaga hufanya kazi ya namna hiyo kwa ndizi na ulezi katika mbege, na huongeza gome la msesewe ili pombe ipate uchungu wake. Nayo pia, kwa Kiswahili, hupikwa.

Kuna hatua moja ya kati ambayo lugha imeipa jina lake: togwa. Ni kinywaji cha nafaka na kimea, kitamu, ambacho hakijawa kileo, na mtoto hupewa. Kuwapo kwa neno hilo ni dalili kwamba wasemaji waliifuata safari yote ya nafaka, kutoka kimea hadi togwa, kutoka togwa hadi pombe, nao walijua mahali pa kusimama.

Kabla ya kuingia katika sheria, yafaa tutazame kidogo maneno ya kigeni, kwa kuwa yaliandaa njia. Mvinyo tulipewa na Wareno, divai ikatokana na Kifaransa, bia ikatokana na Kiingereza. Kiarabu kilitupa hamira, ambayo mama wa Kiislamu huitia katika mkate wake pasipo wasiwasi, ingawa mzizi wake ndio uleule unaotoa khamr, neno la Kurani la kile kilichoharimishwa. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili cha muungano, iliyotoka kamili 1952, walipofika kwenye arusi ya Kana walichagua divai. Hatuwalaumu, zabibu si nazi. Lakini matokeo yake ni kwamba kinywaji kitakatifu kilipata jina la kigeni, na tembo na pombe, vinywaji ambavyo arusi za wasomaji wenyewe zilivijua, vikabaki nje ya kanisa pamoja na majina yao.

Sheria ilikuja na maneno yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa vileo vikali vilivyokenekwa, yaani vilivyopatikana kwa kupoza mvuke, katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Katika Kenya sheria ya mamlaka ya wenyeji ya 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuzuia au kupunguza utengenezaji wa vileo vya Waafrika, na uwezo huo ukaendelezwa katika sheria zilizofuata. Na katika miaka ya 1920 Nairobi iliiga mtindo wa Durban, ulioanzia katika sheria ya Natal ya 1908: manispaa ilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe, ikajenga ukumbi wake Pumwani, na faida ikaelekezwa kwenye huduma za Waafrika haohao. Mwanamke aliyeipika pombe ileile nyumbani kwake, hatua chache kutoka ukumbini, akawa mhalifu. Bia ya chupa, kwa upande wake, Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi 1947.

Tazama lugha ilivyoupokea mgawanyiko huo. Mahali pa bia pakaitwa baa. Mahali pa pombe pakaitwa kilabu, neno ambalo katika Kiingereza cha Nairobi ya siku hizo lilikuwa jina la jumba ambamo mabwana walikutana jioni, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Sijui kama aliyelitumia kwanza kwa banda la pombe alikuwa anadhihaki. Ningependa kuamini hivyo. Bia na pombe, ambazo kwa mtazamo wa mpishi ni ndugu wa nafaka na kimea, zikatenganishwa, na pombe ikapewa kivumishi: pombe ya kienyeji. Kivumishi hiki kilikuwa tafsiri ya neno la sheria lenye maana ya kitu cha watu wa asili, lenye dharau ndani yake. Lakini Kiswahili kina mambo yake. Mwenyeji ni mwenye mji, naye ndiye ampokeaye mgeni. Pombe ya kienyeji, ikichambuliwa kwa haki, ni pombe ya yule anayekaribisha.

Wakati huohuo kiwanda cha bia kilichoanzishwa karibu na Nairobi mwaka 1922 kiliipa bia yake jina la Tusker na picha ya ndovu, kwa kumbukumbu, kama inavyosimuliwa, ya mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923. Hivyo tembo akarudi mezani, ila safari hii akiwa na upatanisho wa viumbe vyenye uhai.

Kileo cha kukeneka kina historia nyingine. Wanajeshi wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, ambao wazao wao ni Wanubi wa Kibera, walikuja na ujuzi wa kukusanya mvuke wa pombe na kuupoza ukawa matone. Kwa muda mrefu kileo hicho kiliitwa Nairobi jini ya Wanubi, kabla jina la chang'aa halijaenea kote. Katika Uganda kiliitwa waragi. Wengi wanasimulia kwamba waragi latokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haitushawishi. Kiarabu cha Sudani kina aragi, kutoka kwa neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, na njia ya askari yatosha kueleza safari yake. Matone juu ya mfuniko ni jasho la chungu. Aliyekiita kileo kwa jina hilo alikuwa amekitazama kikipikwa.

Serikali mbili jirani zilikitendea kileo hicho kwa njia mbili. Uganda, kwa sheria ya 1965, ilitaka wapishi wa enguli wapate leseni na kukiuzia kiwanda, nacho kiwanda kikakikeneka upya na kukitia katika chupa. Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria ya 1971 iliiruhusu pombe ya kienyeji kwa leseni, lakini 1980 ikatungwa sheria mahususi ya kuipiga marufuku chang'aa, nayo ikadumu miaka 30.

Katika miaka hiyo ndipo kitenzi cha tatu kilipoota mizizi. Mama pima ni jina la Kenya la mwanamke auzaye kileo cha kificho. Nyumbani pombe iligawiwa. Chungu kilikuwa kimoja, na mrija ulikwenda kwa heshima na umri. Mjini pombe ilipimwa, kwa kikombe, kwa glasi, kwa kopo, na kila kipimo kilikuwa na bei yake. Kupima kumeleta mnywaji asiyejuana na mpishi, na mpishi asiyejulikana jina ila kwa kipimo chake. Tusimwonee, kwani wengi wa akina mama hao walisomesha watoto kwa kikombe hicho. Lakini lugha imesajili badiliko lenyewe bila huruma: mgema aliitwa kwa kazi ya kupata kinywaji, mama pima akaitwa kwa kazi ya kukiuza.

Maneno mengine ya kipindi hicho yalizaliwa yakiwa yamefunikwa uso. Machozi ya simba ni jina la kujificha na la kujitapa kwa pamoja. Kumi kumi ni bei tu, shilingi kumi, na halisemi lolote juu ya kilichomo. Msikilizaji wa busaa anajua wimbi na mahindi. Msikilizaji wa muratina anajua tunda. Msikilizaji wa mnazi anajua mti. Msikilizaji wa kumi kumi hajui kitu. Novemba 2000 kileo kilichouzwa kwa jina hilo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kiliwaua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Kilikuwa kimetiwa methanoli.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha jambo lilipo. Methanoli si matokeo ya kawaida ya kupika wimbi wala ya kugema mnazi kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Ni kemikali ya viwandani, inayonunuliwa kwa pipa na kuongezwa na mwuzaji anayetaka kileo kiwe kikali kwa gharama ndogo. Haihitaji kimea, haihitaji moto, haihitaji siku nne. Kwa Kiswahili sahihi aliyefanya hivyo hakupika, wala hakugema. Alichanganya.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na ubora. Mtu angedhani kwamba lugha nayo ingefunguliwa. Haikufunguliwa. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na katika kaunti nyingine, na kilichowaua kilikuwa na methanoli, tena kiliuzwa katika chupa. Julai 2015 ulifuata msako mkubwa, hasa katika eneo la kati. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga. Kila mara jina lililotangazwa lilikuwa lilelile, pombe haramu, na kila mara pombe haramu hiyo ilimjumuisha bibi mwenye chungu cha busaa pamoja na mchanganyaji wa methanoli. Picha za magazeti huonyesha mapipa ya kangara yakimwagwa mtaroni. Kangara inaonekana, inanuka, ni rahisi kuipata. Methanoli ni maji meupe ndani ya dumu.

Neno linalojumuisha hivyo halimwonyi mnywaji. Akisikia kwamba pombe haramu inaua, naye amekunywa busaa tangu ujana bila kufa, huchukulia kwamba maneno ya redio ni maneno ya serikali tu. Haramu yenyewe ni neno la dini. Kwa Mwislamu bia ya leseni ni haramu pia, na kwa asiye Mwislamu haramu imekuwa kile ambacho chifu anakikataza mwezi huu na pengine kukiachia mwezi ujao. Tumelitwika neno hili kazi tatu, ya dhambi, ya leseni na ya sumu, nalo haliwezi.

Wanakamusi tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tumezoea mno kuandika aina ya. Aina ya mti, aina ya samaki, aina ya kileo. Msomaji aliyetoka Marsabit akitafuta busaa na kukuta aina ya pombe hakupata chochote ambacho hakuwa nacho alipofungua kitabu. Tungependekeza maingizo yaandikwe kwa kitenzi cha kupatikana, kama Kiswahili chenyewe kilivyofanya tangu zamani, na tunatoa manne kwa mfano:

busaa: pombe inayopikwa kwa donge la unga wa mahindi lililochachuka na kukaangwa, na kimea cha wimbi, hunywewa kabla ya siku chache kupita.

mnazi, tembo: kileo kinachogemwa kutoka karara la mnazi, huwa tamu siku ya kugemwa, kisha kali, kisha siki.

muratina: kileo cha asali au sukari na maji, kinachochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa.

chang'aa: kileo kikali kinachokenekwa kutokana na pombe ya nafaka au sukari. Kilichotiwa methanoli si chang'aa, ni sumu.